Somo la Kumi na Nne: Vyura na Nyoka wa Kidimbwi cha Bustani

1. Kidimbwi cha Mama Nyangeta

Mkoa wa Mara uko upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama watu wengi hulima bustani za mboga. Wanaokaa karibu na ziwa huchota maji ziwani. Wanaokaa mbali huchimba vidimbwi ili kukinga maji ya mvua, nayo maji hayo huwasaidia kumwagilia mboga wakati wa kiangazi.

Tuchukue mfano wa jamaa moja katika kijiji kimoja cha Butiama. Mama Nyangeta alichimba kidimbwi kando ya bustani yake. Mchicha, nyanya na kabichi vilistawi sana. Fedha aliyoipata ilitosha kununua sare za shule za watoto wake wawili, Nyangeta na Magesa.

Mvua za vuli zilipoanza, vyura walikuja kidimbwini wakapiga kelele usiku kucha. Baada ya vyura, wakaja nyoka. Jioni moja Magesa alimwona nyoka wa kijani akimmeza chura. Akaangusha ndoo, akakimbia nyumbani.

Mama Nyangeta alifadhaika, kwa sababu mwaka uliotangulia jirani yake aliumwa na nyoka akalazwa hospitali majuma mengi. Alisema, "Afadhali nikifukie kidimbwi hiki kuliko kumzika mtoto."

Babu akamwuliza, "Mama Nyangeta, ukikifukia, mboga utazimwagilia kwa maji gani?"

"Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, Baba," Mama Nyangeta alijibu.

Nyangeta, aliyekuwa darasa la tano, akasema, "Mama, naomba tungoje kidogo. Juma hili Mwalimu anatufundisha habari za vyura na nyoka."

Je, wewe ungemshauri Mama Nyangeta afanye nini? Usijibu sasa. Soma somo hili kwanza.

2. Chura ni mnyama wa namna gani?

Chura ana uti wa mgongo. Ngozi yake haina manyoya, haina nywele wala magamba. Damu yake ni baridi. Maana yake ni kwamba joto la mwili wake hubadilika kufuatana na joto la mahali alipo. Chura mkubwa huvuta hewa kwa mapafu, na pia kwa ngozi yake. Ngozi hiyo haiwezi kufanya kazi vizuri ikikauka. Ndiyo sababu mchana wa jua kali vyura hujificha chini ya mawe, katika nyufa, au chini ya majani yenye unyevu, na usiku hutoka kutafuta chakula.

Wanyama wanaoanza maisha yao majini, kisha wakaweza kuishi nchi kavu, huitwa amfibia. Vyura walio wengi huishi hivyo.

Wanaopiga kelele usiku ni vyura dume. Katika aina nyingi za vyura, dume ana mfuko wa ngozi kooni, naye huujaza hewa ukavimba kama kibofu. Kwa sauti hiyo humwita jike aje majini kutaga mayai. Kila aina ya chura ina sauti yake, na jike huitambua sauti ya aina yake. Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, maana kelele hizo hazikusudiwi kumfukuza mtu yeyote.

3. Jinsi ya kuwatambua vyura

Ukitaka kumtambua chura, tazama mambo manne: ngozi yake, miguu yake, mahali anapokaa na sauti yake. Kando ya vidimbwi vya Mara unaweza kuona vyura hawa:

(a) Chura mwenye ngozi ya chunjua. Ni mnene, rangi yake ni ya hudhurungi yenye mabaka, na ngozi yake ina vivimbe vingi. Miguu yake ya nyuma ni mifupi. Hutembea au huruka hatua fupi fupi. Nyuma ya kila jicho ana kivimbe kikubwa chenye utomvu wa sumu. Sumu hiyo humlinda asiliwe. Mbwa akimwuma chura huyu hutokwa na povu kinywani. Wapo watu wanaodhani kwamba ukimgusa utaota chunjua. Si kweli. Lakini ukimgusa, nawa mikono kabla ya kujigusa macho au kinywa.

(b) Chura mrukaji. Mwili wake ni mwembamba, pua yake imechongoka, na mgongoni ana mistari. Miguu yake ya nyuma ni mirefu sana. Ukimkaribia, huruka mbali mara moja akatua majini.

(c) Chura wa matete. Ni mdogo, anaweza kukaa juu ya kidole chako. Ncha za vidole vyake ni pana na hunata, kwa hiyo hupanda matete na majani. Sauti yake ni nyembamba kama ya kengele ndogo.

(d) Chura mwenye kucha. Huyu huishi majini karibu wakati wote. Mwili wake ni bapa na unateleza sana. Macho yake yako juu ya kichwa. Hana ulimi, husukuma chakula kinywani kwa mikono yake. Vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Kidimbwi kikikauka hujifukia katika matope, au huenda kutafuta maji mengine usiku wa mvua.

Vyura hawa wote hawana meno ya sumu. Hakuna hata mmoja anayeweza kumwuma mtu akamdhuru.

4. Kutoka yai hadi chura

Mayai ya chura hayana gamba gumu. Yamezungukwa na ute mwororo kama uji mzito. Chura mwenye ngozi ya chunjua hutaga mayai yaliyopangwa katika nyuzi ndefu, kama shanga nyeusi. Vyura wengine hutaga mafungu ya mayai, au huyabandika katika mimea ya majini.

Baada ya siku chache mayai huanguliwa, wakatoka viluwiluwi. Kiluwiluwi ana kichwa kikubwa na mkia, lakini hana miguu. Huvuta hewa iliyomo majini kwa matamvua, kama samaki. Viluwiluwi wengi hula mwani na mimea iliyooza. Kwanza huota miguu ya nyuma, kisha miguu ya mbele. Mapafu hukua ndani ya mwili, mkia hupungua kidogo kidogo, na baada ya majuma kadhaa chura mdogo hutoka majini. Maji yakiwa na joto na chakula kikiwa kingi, mabadiliko haya huenda upesi zaidi.

Angalia: watu wengi huwaita watoto wa mbu kwa jina hilo hilo la viluwiluwi. Usiwachanganye. Watoto wa mbu ni wembamba kama vipande vya uzi. Hujinyonganyonga na kuja juu ya maji kuvuta hewa. Watoto wa chura wana mwili wa mviringo na mkia mpana. Katika kidimbwi, watoto wa mbu huliwa na samaki, na wadudu wa majini, na vyura wenye kucha.

JARIBIO
Vitu vinavyohitajika: chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu, maji ya kidimbwi, na mimea ya majini.

Njia:
(i) Mwalimu wenu akiwapo, chota mayai machache ya chura pamoja na maji kwa kutumia kopo. Simama ukingoni. Usiingie majini, kwa sababu katika maji yaliyotuama huweza kuwamo konokono wanaoeneza kichocho.
(ii) Tia maji, mimea na mayai katika chupa. Weka chupa mahali penye mwanga, lakini pasipo na jua kali.
(iii) Kila siku tazama mabadiliko. Andika tarehe na uchore picha katika daftari lako.
(iv) Badilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili, kwa kutumia maji ya kidimbwi kile kile.
(v) Nawa mikono kwa sabuni kila mara unapomaliza.
(vi) Miguu ya mbele ikianza kuota, warudishe viluwiluwi katika kidimbwi ulikowatoa.

5. Kwa nini nyoka huja kidimbwini?

Nyoka hawaji kumtafuta mtu. Huja kutafuta chakula, maji na mahali pa kujificha.

Fikiria bustani ya Mama Nyangeta. Panzi na viwavi hula majani ya kabichi. Chura hula panzi na viwavi. Nyoka humla chura. Kipanga humla nyoka. Tunaweza kuandika hivi:

kabichi – panzi – chura – nyoka – kipanga

Huu ni mlolongo wa chakula. Tena, nyoka wengi hula panya, na panya ni adui mkubwa wa mahindi ghalani. Mkulima akiwaua vyura wote, wadudu waharibifu watazidi. Akiwaua nyoka wote, panya watazidi. Kila mnyama katika mlolongo huu ana kazi yake, ijapokuwa yeye mwenyewe hajui.

6. Jinsi ya kuwatambua nyoka

Nyoka ni reptilia. Mwili wake umefunikwa kwa magamba makavu. Hana miguu, hana kope, wala hana masikio ya nje. Husikia hasa mtikisiko wa ardhi. Ulimi wake wenye ncha mbili hauchomi mtu; ni wa kunusia. Meno yake hayawezi kutafuna, kwa hiyo humeza chakula kizima kizima.

Tanzania ina aina nyingi za nyoka, na walio wengi hawana sumu ya kumwua mtu. Lakini wenye sumu kali wapo, na ni lazima tuwafahamu.

Nyoka wasio na sumu ya hatari:

(a) Nyoka mwembamba wa kijani. Hukaa vichakani kando ya maji na hula vyura. Huogelea vizuri.

(b) Nyoka mdogo wa kinamasi. Rangi yake ni ya hudhurungi au ya zeituni. Hula vyura na samaki wadogo. Adui akimkamata mkia, mkia hukatika naye hukimbia.

(c) Nyoka wa hudhurungi wa nyumbani. Ana mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa. Hutoka usiku kuwinda panya.

(d) Chatu. Huyu hana sumu. Huwaua wanyama kwa kuwabana. Hupenda kukaa karibu na maji. Ni nyoka mkubwa kuliko wote wa Afrika, kwa hiyo usimkaribie.

Nyoka wenye sumu:

(e) Kifutu, ambaye pia huitwa moma. Ni mnene na mfupi, kichwa chake ni kipana, na mgongoni ana alama nyingi mfano wa herufi V. Rangi yake hufanana na majani makavu. Mtu akija hakimbii. Hulala kimya njiani. Ndiyo sababu huwauma watu wanaomkanyaga.

(f) Nyoka mla chura wa usiku. Ni mfupi, na kisogoni ana alama moja nyeusi ya V. Chakula chake kikubwa ni vyura. Sumu yake huleta maumivu na uvimbe.

(g) Fira, ambaye wengine humwita swila. Akikasirika huinua kichwa na kutanua shingo. Wako fira wanaotema sumu kuelekea machoni mwa mtu aliye umbali wa meta 2 au zaidi.

(h) Koboko. Ni mrefu na mwepesi sana. Rangi yake si nyeusi, bali ni ya kijivu au ya zeituni. Sehemu iliyo nyeusi ni ndani ya kinywa. Hupenda vichaka vikavu na vilima vya mawe.

Sasa tahadhari. Yuko nyoka mwingine wa mitini, mwenye macho makubwa, ambaye mara nyingi huwa wa kijani, naye ana sumu ya kuua. Mtu asiye na ujuzi anaweza kumdhania kuwa ni yule nyoka wa kijani asiye na hatia. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Kanuni ni moja: usimguse nyoka yeyote, hata akiwa mdogo, hata akionekana amekufa.

7. Kuishi karibu na kidimbwi kwa usalama

(i) Fyeka majani kuzunguka kidimbwi, na safisha njia ya kwenda nyumbani.
(ii) Usiweke rundo la kuni, mawe au matofali karibu na nyumba. Ziba mashimo ya panya.
(iii) Usitie mkono katika shimo au chini ya jiwe usipopaona.
(iv) Ukienda bustanini vaa viatu, au buti ukiwa nazo. Gonga ardhi kwa fimbo unapopita penye majani.
(v) Usiku tumia tochi au taa. Mulika pale utakapoweka mguu.
(vi) Lala kitandani ndani ya chandarua, na chomeka chandarua chini ya godoro. Chandarua hukukinga na mbu wa malaria, na pia huzuia nyoka kuingia kitandani.
(vii) Ukimwona nyoka, simama. Rudi nyuma polepole, kisha mwite mtu mzima. Usimtupie mawe. Watu wengi huumwa wanapojaribu kumwua au kumkamata nyoka.

8. Mtu akiumwa na nyoka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 shirika hilo liliitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Wengi wanaoumwa ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Wengi wangepona kama wangefikishwa hospitali mapema.

Fanya hivi:
1. Mwondoe mgonjwa mahali alipo nyoka. Mtulize. Asikimbie.
2. Vua pete, bangili na viatu kabla mwili haujavimba.
3. Kifunge kiungo kilichoumwa kwenye kipande cha ubao au fimbo ili kisitikisike, kama unavyofunga mfupa uliovunjika.
4. Mbebe upesi mpaka hospitali. Akitapika au akizimia, mlaze kwa ubavu wa kushoto.
5. Sumu ikiingia machoni, osha macho kwa maji mengi safi, kisha mpeleke hospitali. Usiyasugue.

Usifanye haya: usichanje jeraha, usinyonye sumu, usikaze kamba, usitie dawa ya majani wala jiwe jeusi, na usipoteze wakati kwa kumsaka nyoka. Eleza tu jinsi alivyoonekana.

9. Chura wa Kihansi

Watu wengine husema, "Chura ana faida gani?" Hebu tutazame jambo lililotokea nchini mwetu. Katika milima ya Udzungwa kuna maporomoko ya mto Kihansi. Mwaka 1996 wataalamu waligundua hapo chura mdogo wa rangi ya manjano asiyezidi sentimeta 3. Chura huyu hatagi mayai; huzaa watoto waliokamilika. Hakupatikana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu.

Bwawa la umeme lilipojengwa, maji ya maporomoko yalipungua sana, na manyunyu nayo yakapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani ili watunzwe na kuzaliana. Huko Kihansi vyombo vya kunyunyiza maji viliwekwa, lakini baadaye ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulionekana, na vyura wakatoweka. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyu hayupo tena porini. Kuanzia mwaka 2012 wajukuu wa vyura waliopelekwa ng'ambo walianza kurudishwa Kihansi.

Tunajifunza kwamba chura akipotezwa, kumrudisha ni kazi ya miaka mingi na gharama kubwa. Kumtunza akiwapo ni kazi nyepesi.

10. Uamuzi wa Mama Nyangeta

Nyangeta alimsomea mama yake daftari lake, ukurasa kwa ukurasa. Babu alisikiliza, akasema, "Basi adui yetu si kidimbwi, bali ni majani marefu."

Jumamosi wote walifanya kazi. Babu alifyeka majani. Magesa alihamisha rundo la kuni lililokuwa nyuma ya jiko. Mama Nyangeta alinunua tochi, akapiga marufuku mtu yeyote kwenda bustanini bila viatu. Kidimbwi hakikufukiwa.

Usiku mmoja wa masika Nyangeta alikuwa akitoka chooni huku anamulika njia. Mbele yake, hatua mbili tu, aliona kitu kama gogo fupi lenye alama za V. Alisimama. Akarudi nyuma polepole, akaita, "Babu! Kifutu yuko njiani."

Babu aliwazuia watu wote wasitoke. Wakakaa kimya mlangoni wakimulika. Baada ya muda kifutu alijikokota akaingia kichakani, ng'ambo ya uzio. Hakuna aliyeumwa. Kidimbwini vyura waliendelea kupiga kelele, na asubuhi Mama Nyangeta akachota maji ya kumwagilia kabichi zake.

MAMBO YA KUKUMBUKA
1. Chura ni amfibia. Nyoka ni reptilia.
2. Vyura hula wadudu waharibifu. Nyoka wengi hula panya.
3. Nyoka walio wengi hawana sumu ya kuua, lakini usimguse nyoka yeyote.
4. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitikisike, apelekwe hospitali mara moja.

MASWALI
1. Kwa nini chura hujificha mchana wa jua kali?
2. Taja tofauti mbili kati ya mtoto wa chura na mtoto wa mbu.
3. Utamtambuaje kifutu? Kwa nini ni hatari kutembea gizani bila taa?
4. Ikiwa vyura wote wa bustani watauawa, nini kitatokea kwa kabichi? Eleza.
5. Rafiki yako ameumwa na nyoka mguuni, na mtu mmoja anataka kuchanja jeraha. Utamwambia nini?
6. Kwa nini chura wa Kihansi alitoweka porini?

KAZI YA KUFANYA
Nenda pamoja na mtu mzima kwenye kidimbwi, lambo au ukingo wa ziwa ulio karibu nanyi wakati wa jua kuchwa. Simameni mbali na maji. Sikiliza sauti za vyura kwa dakika 10. Umesikia sauti za aina ngapi? Andika katika daftari lako, kisha uwaeleze wenzako darasani.